Msemaji na Radhi ya Watu Wengi

Kama kijana wako amempa binti wa watu mimba huko Columbus, hukunipigia mimi simu. Ulimpigia Msemaji, naye Msemaji akanipigia mimi, kwa sababu yeye alikuwa na maneno na mimi nilikuwa na gari. Ndivyo nilivyomjua, na ndivyo nilivyoijua barabara ya Louisville mpaka Columbus, na ile ya Columbus mpaka Buffalo, pamoja na mashimo yake yote. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma. Yeye alikuwa Mkongomani wa Kivu, mzee wa kanisa letu la Beechmont, pale Louisville, hapa Amerika. Jina lake alikuwa nalo, ila sisi tulimwita Msemaji, na hata mkewe alimwita hivyo, hasa akiwa amemkasirikia.

Kwetu familia haijisemei. Mkienda kuposa, au kukiri kwamba kijana wenu ametorosha msichana, au kwamba shemeji yenu alilewa akavunja televisheni ya watu, mnamtuma mtu mmoja azungumze kwa niaba ya ukoo mzima. Upande wa pili nao wanaweka wao. Hao wawili wanarushiana methali mpaka chakula kipoe, na sisi wengine tunapiga vigelegele panapostahili. Msemaji alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alitembea na maikrofoni yake mwenyewe, ameitia ndani ya soksi ya sufu, maana hakuamini maikrofoni za watu. Siku moja Columbus msemaji wa upande wa pili aliitwa kazini ghafla. Ghala halijui harusi. Basi Msemaji akasemea pande zote mbili. Aliomba binti, akahama kiti akajikatalia, akarudi akajibembeleza, akahama tena akajikasirikia mpaka akapiga meza. Mwisho alijikubalia kwa shida sana. Baba mwenye binti aliniambia kwamba hajawahi kutetewa vile tangu azaliwe.

Nayasema haya ili ujue kinywa kile kilikuwa kinywa cha namna gani. Maana palikuwa na sentensi moja ambayo kinywa hicho hakikuweza kuitoa, na nusura mjukuu wake akose mke kwa sababu hiyo.

Radhi ndiyo aliyoipenda kuliko kuposa. Kuposa, alisema, hata kijana mwenye suti ya kuazima anaweza. "Lakini radhi si mudomo tu, Mama Dereva. Unataja kosa na jina yake. Unaleta kitu, juu mukono mutupu hairambwe. Kiisha unafunga kinywa, unangojea. Na mwenye kukosewa akikatala, unarudi kwako. Njo radhi." Hayo niliyasikia tangu Louisville mpaka tunavuka daraja la Cincinnati, kila safari, kama vile mimi ndiye niliyevunja televisheni.

Kwa hiyo Wamarekani walimpa tabu. Tulikuwa dukani siku moja, dada mmoja wa Kizungu akapita mbele yetu na kitoroli chake, akasema samahani. Msemaji akasimama. Akamwuliza kwa Kiingereza chake cha kiwandani: "Umefanya nini?" Dada wa watu akasema samahani tena. "Hapana, bon, minauliza tu. Umefanya nini?" Dada akaomba samahani mara nyingine, akageuza kitoroli, akakimbilia upande wa maziwa. Msemaji alimtazama kwa huruma. "Banaomba radhi kwa kupita," akaniambia. "Yenye makosa ya kweli banaiombeaka wapi?"

Na mwenyewe alikuwa tayari kuiomba popote pale. Kuna siku polisi alinisimamisha njiani kwa mwendo wa kasi. Mwendo ulikuwa wangu, lakini aliyekuwa akinihimiza ni yeye. Kabla sijashusha kioo, mzee ameshafungua mlango wake, mguu mmoja uko nje, anataka kwenda kupiga goti barabarani kwa niaba yangu. Nikamkamata koti. "Msemaji, hapa hatushuki! Utatuua!" "Niache, Mama Dereva. Huyu ni mutoto ya batu, atasikia." Polisi anapiga kelele, mimi nimeng'ang'ania koti, Mungu wangu! Ikabidi nieleze kwamba mzee wangu anataka kuomba radhi. Basi akaiomba kupitia dirishani, mimi natafsiri. Alianza kwa kuwasalimu wazazi wa polisi popote walipo, wawe hai au wametangulia. Kabla hajafika kwenye mwendo wangu, polisi alikuwa ameshasema twende, ila mzee afunge mkanda. Tangu siku hiyo Msemaji aliamini kwamba Amerika inaweza kutengenezeka.

Usidhani nyumbani alikuwa hivyo. Mkewe, mama mpole anayefuma vitambaa vya meza ambavyo hakuna meza inayovitosha, niliwahi kumwuliza kama naye huombwa radhi kwa namna ile nzuri. Alicheka mpaka uzi ukamponyoka. "Mimi? Huyu hajaniombaka radhi hata ya chumvi. Siku atataka, atafute musemaji."

Buffalo alikuwa na dada yake mkubwa, Shangazi, mwenye duka kule Grant Street: samaki wakavu, unga wa muhogo, vitenge, na maoni juu ya kila kitu. Kwenye ukoo wao hakuna aliyeoa wala kuolewa bila Shangazi kutikisa kichwa, na kichwa chake kilikuwa kizito kutikisika. Tulifikia kwake mwaka ule kwaya yetu ilipoalikwa kuimba katika jumba moja la maonyesho. Kabla hatujaimba, bibi mmoja wa Kizungu mwenye miwani ya kijani, ambaye ndiye mkuu wa jumba, alipanda jukwaani akasema kwa sauti ya msibani kwamba jumba hili limesimama juu ya ardhi ya Waseneka, Wahindi Wekundu waliotangulia pale, kwamba walinyang'anywa, na kwamba wote waliopo wanalitambua hilo. Wazungu wote wakainamisha vichwa. Halafu akatuonyesha vyoo viko wapi, akatuomba tuzime simu.

Msemaji akanifinya. "Amesema nini?"

Nikamtafsiria. Uso wake ukang'aa. "Aah! Kumbe banajua kuomba radhi! Sasa bale batu beko wapi?"

"Hawapo."

"Balikatala kuya?"

"Sidhani kama waliitwa."

"Na kitu yenye balileta?"

"Sijaona kitu."

"Donc?"

"Donc choo kiko kushoto, Msemaji. Tulia tuimbe."

Hakutulia. Wakati wa kahawa alimwendea yule bibi, mimi nyuma yake natafsiri kwa shingo upande. "Mwambie mimi niko fundi ya hii kazi. Mwambie ameanza muzuri, kosa amelitaja. Lakini unaomba je radhi na mwenye kukosewa hayuko? Ni sawa kuposa binti kwa jirani." Hayo niliyafikisha, nikayalainisha kidogo. Bibi akajaa machozi, akasema hilo jambo linamuumiza kila siku. Msemaji akashtuka. "Mbona analia? Njo yeye alichukua udongo?"

"Siyo yeye. Mababu zake."

"Na anakaa mu nyumba yenye iko juu ya ule udongo?"

"Nadhani."

"Alors aache kulia, apeleke mbuzi."

Nikamwambia bibi kwamba mzee anashukuru kwa kahawa. Jamani, hata dereva ana mipaka yake.

Asubuhi yake akaamka na neno. Kwao Kivu, alisema, ukihamia mlima wa watu hupandi hata punje kabla hujakwenda kumsalimia mwenye udongo, na mkononi una pombe au una mbuzi. Sisi tumeshusha mizigo Amerika, tumezaa, tumezika, na hatujapiga hodi. Haya ni makosa ya Wazungu, sawa, lakini sasa ni tabia yetu pia. Shangazi alimcheka akiwa juu ya gunia la unga. Haikusaidia. Tulipita kwa mkulima, tukachukua beberu mweusi mwenye kelele, nikamtandikia turubai nyuma ya gari langu, nikaendesha kusini mpaka kwenye ardhi ya Waseneka. Njia niliijua. Mafuta ya kule ni rahisi, hayana kodi, na Buffalo nzima wanayafuata, hata mimi nikiwa huko.

Mtu wa kwanza tuliyemkuta alikuwa kituoni hapo hapo, mwanamume wa makamo, nywele ndefu za mvi amezifunga nyuma, anajaza mafuta kwenye pikapu. Msemaji akashuka na suti yake, kamba ya mbuzi mkononi, akaanza salamu. Mtu yule alisikiliza huku ameshika mpira wa mafuta, mpaka tangi likajaa.

"Mwambie mimi si mkubwa wa hapa," akaniambia. "Mimi nimekuja kuweka mafuta."

Msemaji akafurahi. "Unaona? Mukubwa wa kweli anaanzaka kukatala."

"Amefanya kosa gani?" mtu akauliza.

"Bado hajafanya," nikasema. "Anaomba ruhusa ya kukaa."

Alicheka akaegemea gari lake. Akasema mzee amechelewa kidogo, ila afadhali yeye, amekuja na mbuzi. Mbuzi mwenyewe lakini hawezi kumchukua, kwa kuwa nyumbani mkewe ana mbwa asiyemvumilia hata mleta barua. Akatushukuru kwa mkono. Halafu, wakati anapanda garini, akauliza tu kwa adabu, jinsi mtu anavyokuuliza habari za kwenu: "Na huko alikotoka, waliotangulia kwenye ardhi yao walikuwa nani? Wanaendeleaje?"

Nikatafsiri. Msemaji akamwangalia mbuzi. Akarekebisha tai.

"Mwambie," akasema, "mbuzi anasikia kiu."

Tulirudi mpaka Grant Street. Mbuzi alisema kwa niaba yetu sote. Jioni Shangazi alimpika na pilipili nyingi, na Msemaji alikula kidogo, akasingizia meno.

Nieleze, maana pengine msomaji hajui. Kwetu, Kivu na Burundi, waliotangulia ni Batwa. Hilo halina ubishi, hata mtoto analijua. Walikuwa msituni kabla ya shamba la kwanza. Tukafyeka, tukapanda, tukawasukuma pembeni, tukawatumia kulima ardhi ambayo jana ilikuwa yao, halafu tukakataa kula nao sahani moja tukasema wananuka. Sisi Warundi tusijifanye malaika hapa. Na katika harusi zote nilizoendesha watu, na maneno yote yaliyomwagwa kwenye maikrofoni, sijawahi kusikia mtu akilitaja hilo. Linaniudhi mpaka leo.

Sasa mjukuu wake. Kijana mtaratibu, anafanya kazi ghalani Louisville, kwenye mkutano wa vijana wa makanisa huko Columbus akakutana na binti wa Hilliard, kitongoji cha huko huko, wakapendana kweli kweli, siyo mapenzi ya simu. Baba wa binti alikuwa shemasi, mtu mfupi, mkimya, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee: kuwainua, kuwaosha, kuwachana nywele. Alikuwa Mutwa. Watu wa Columbus walijua na hawakusema. Walikuwa wakishusha sauti tu wakifika kwenye jina lake.

Habari zilipofika Grant Street, Shangazi alipiga simu tukiwa njiani, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu.

"Mutwa? Mu ukoo yetu? Musiba tutaenda kukula wapi?"

"Dada, huku Amerika hakuna kabila," Msemaji akasema.

"Aah, hakuna? Na Baindien wenye ulipelekeaka mbuzi, balikuwa nini? Kwaya?"

Msemaji akasema mtandao ni mbaya, akakata. Lakini nimpe haki yake: hakumkataza kijana. Alimwambia, "Nitakuletea muke. Hakuna baba mwenye binti mwenye alinishindaka." Kijana akamwamini. Sisi sote tulimwamini.

Tukaenda Hilliard magari mawili, kreti za soda, vitenge, wazee wamevaa. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, makochi yamesogezwa ukutani. Baba mwenye binti alitupokea vizuri, akasema yeye hakuweka msemaji, atajisemea. Hapo tu Msemaji alianza kutokwa jasho, maana ni kama kwenda kucheza mpira ukakuta upande wa pili ameketi mwenye uwanja. Akatoa maikrofoni kwenye soksi. Sebuleni! Mahali ambapo ulikuwa unasikia friji inavyonguruma. Akasema maneno matamu, nakiri, mama mmoja alifuta machozi. Kisha akafika pale.

"Tunatambua," akasema polepole, kwa sauti ya msibani, "kwamba kati ya batu benu na batu betu, kulikuwaka mambo ya zamani."

Haki ya Mungu, nilingoja atuonyeshe vyoo viko wapi.

"Mambo gani?" akauliza baba mwenye binti.

"Ya zamani."

"Yapi?"

"Mukwe, ile ya bakubwa."

"Bakubwa gani? Balifanya nini?"

Msemaji akameza mate. Maikrofoni ikatusikilizisha sote jinsi alivyomeza. Akaamua kutupa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

"Iyo methali ni ya mwenye kukosewa," baba yule akasema. "Njo anaisemaka. Si weye."

Baba akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Binti yangu anapenda mutoto yenu. Siwezi kumukatala juu ya kabila yake, sitafanya sawa nyinyi. Lakini sitatuma mutoto mu nyumba ya batu benye hawajui kenye balifanya. Murudi kwenu. Siku mutakumbuka, mutakuya."

Na akatulisha! Alitulisha vizuri, akatufungia na vingine vya njiani. Sijawahi kuona ujumbe unafukuzwa umeshiba vile. Soda zikarudi garini. Kijana akalia kiti cha nyuma bila kujificha, akisema kwa Kiingereza, sema tu babu, si uliseme tu. Binti alisimama dirishani mpaka tukakunja kona. Tulipofika Cincinnati Msemaji akasema betri ya maikrofoni ilikuwa chini.

"Msemaji," nikamwambia, "ulikuwa sebuleni."

Baada ya hapo alikataa kazi. Watu waliposa kwa wasemaji wa kubahatisha, methali zikavurugwa, Columbus wakapigana mkutanoni. Kijana aliacha kwenda kwa babu yake. Nilipita Beechmont kumjulia hali nikamkuta mkewe mlangoni, kitambaa mkononi, amechanganyikiwa. "Hakuli tena maharagi," akaniambia. "Maharagi! Miaka yote hii. Nikimuwekea, anaiangalia, anatoka anaenda kupanda bus, anazunguka mji, anarudi." Mimi nilidhani ni presha.

Jumamosi moja asubuhi akapiga simu. "Mama Dereva. Hilliard." Nikamkuta barabarani amevaa sweta la kiwandani. Hana suti, hana maikrofoni, hana mjumbe. Njiani aliniomba nisimame kila kituo cha mapumziko, anashuka, anazunguka gari, anapanda. Nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma, kitu ambacho sikuwahi kukifikiria.

Baba wa binti alifungua mlango akiwa na sare ya kazi, viatu mkononi. Alisema karibu. Msemaji hakuingia. Alianza hapo hapo kizingitini, na alisema vibaya, jamani, alisema kama mtoto anayesomeshwa.

"Nilikuwa mutoto. Kiisha ibada, baba yangu na batu ya kanisa balienda kwa Batwa, kule pembeni ya pori. Balichoma manyumba yao. Mvua ilikuwa inanyesha, bale batu balikimbia na batoto. Sisi tukapanda maharagi pale. Ilizaa sana." Nikadhani amemaliza. "Mi niliikula. Ilikuwa tamu."

Kisha akafunga kinywa, akangoja. Mimi nilikuwa nyuma yake na funguo za gari, na nililia, sitaki kudanganya.

Baba wa binti aliuliza ni mlima gani. Msemaji akautaja. "Ule si wetu," baba akasema. "Sisi balituchomea batu bengine."

Msemaji akainua kichwa. "Kumbe si nyinyi!"

"Manyumba ni manyumba."

Kichwa kikashuka tena. Baba wa binti akaketi kwenye ngazi, akaanza kuvaa viatu, taratibu, akafunga kamba moja, akafunga ya pili. "Utaweza kusema ivi ivi mbele ya batu?" akauliza.

"Nitaweza."

"Na dada yako ya Buffalo akiwa anasikia?"

Nilimwona mzee wangu akifumba macho. "Na dada yangu?"

"Na dada yako."

"Mukwe, yule hata Mungu anamuogopaka."

"Basi atakuya na Mungu," akasema baba wa binti, akaenda kazini.

Radhi ilifanyika ukumbini Columbus. Shangazi alikuja kutoka Buffalo na chupa yake ya chai na chakula chake ndani ya mfuko, ili asiguse cha kule, na akaviweka mezani ili tuvione. Msemaji aliposhika maikrofoni, watu wakajiweka sawa kwa vigelegele. Akasema yale yale, maneno yale yale, hadi ile ya tamu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mtoto mmoja akalia akanyamazishwa. Jirani yangu alikuwa anachunguza viatu vyake kama amevaa vya mtu mwingine, na ukumbi ule ulikuwa umejaa watu wa milima ile.

Shangazi akasimama. "Aliota! Baba yetu alikuwa mutu ya Mungu!"

"Dada," Msemaji akasema, maikrofoni bado iko wazi, "weye njo ulichambuaka ile maharagi."

Shangazi akaketi, na mimi sikuwahi kumwona akiketi bila kuwa na neno la mwisho.

Baba wa binti akainuka. "Nimesikia," akasema. "Sijasema nimesamehe. Nimesema nimesikia. Binti yangu ataenda. Mupe batu chakula." Ndipo vigelegele vikapasuka, vingine kwa furaha, vingine, naamini, kwa kufurahia kwamba hawakuulizwa wao. Shangazi alikunywa chai yake mwenyewe mpaka sombe, kisamvu cha kwetu, ikapita na harufu yake. Akaniita kwa kidole, akaninong'oneza nimletee sahani, kidogo tu, juu ya dawa ya presha.

Tangu siku hiyo yule baba wa Hilliard akawa na namna yake ya kumtambulisha Msemaji. Iwe harusi, iwe ubarikio wa mtoto, iwe Mzungu wa bima amepita, alimshika bega akasema: "Huyu ni mukwe wangu. Baba yake alichoma manyumba yetu. Mumupe chai." Msemaji anaruka: "Si yenu! Ya mulima ya ng'ambo!" Na mwenzake anasema manyumba ni manyumba, na chai inaletwa. Walikwenda hivyo miaka, na wale wawili, usishangae, ndio waliokuwa wakipigiana simu kila Jumapili kulaumiana juu ya mpira.

Mara ya mwisho nilimwona majira ya majani kuanguka, Hilliard, nyumbani kwa mjukuu wake, mtoto wa pili ametimiza mwaka. Msemaji alikuwa anatembea kwa fimbo na sauti imekauka, kuposa alishaacha. Aliingia mgeni, mchungaji kijana aliyehamia karibuni, akapita anasalimia wazee. Baba wa Hilliard alikuwa ametoka zamu, macho mekundu ya usingizi. "Huyu ni mukwe wangu," akamwambia mchungaji. "Mumupe chai." Akaegemeza kichwa kwenye kochi.

Msemaji hakuuachia mkono wa mchungaji. Alingoja. Nilimwona anangoja.

"Mukwe," akasema, "haujamaliza."

"Nimechoka, mukwe. Leo iache."

"Hapana. Malizia."

"Nimechoka. Sema weye."

Mchungaji kijana anamwangalia huyu, anamwangalia yule, mkono wake bado umeshikwa. Msemaji akamvuta karibu, kwa sababu sauti haikuwa na nguvu tena.

"Baba yangu alichoma manyumba yao," akasema.

Mchungaji akauliza: "Ya hawa? Hawa hawa?"

Msemaji akamgeukia mkwewe. Alikuwa ameshalala, mdomo wazi, hana wa kubishana naye. Akamtazama kidogo, kisha akamrudia mgeni.

"Yao," akasema. Akaugeuza uso upande wa jikoni. "Na sukari mbili, mama."